Mama anataka tuhame tena. Nimwonyeshe hii filamu?

Binti wa Maboksi: Wakuu, shikamooni. Nina miaka 19, naishi na mama na mdogo wangu wa darasa la nne. Mama hatulii. Akigombana na bwana au jirani, tunaita kirikuu. Tumehama mara saba, siku hizi hata maboksi siyafungui. Juzi nimeona filamu ya Marekani, Mermaids ya 1990. Cher ni mama wa hivyohivyo, na bintiye Winona Ryder anataka kuwa mtawa wakati kwao ni Wayahudi! Nataka tuiangalie wote Jumapili, ajione mwenyewe. Nifanye?

Dalali Mstaafu: Mara saba, na kila nyumba mwezi mmoja wa dalali? Mama yako ndiye kanisomeshea watoto.

Mama Wawili: Mwanangu, mzazi hasemwi kwa sinema. Mimi nilitoka Tabata kwenda Kibaha usiku, sufuria ya maharage ya moto mapajani. Mwenye nyumba ananitafuta mpaka leo.

Kaka Rimoti: Uliimaliza lakini? Mwishoni binti anamwambia mama yake usoni kwamba hahami. Wewe umemwambia?

Binti wa Maboksi: Bado. Ila nimeshapanga chumba karibu na shule ya mdogo wangu. Sare zake ziko huko.

Kaka Rimoti: Hela umetoa wapi?

Binti wa Maboksi: Mama alinipa kodi ya miezi sita nimpelekee dalali wa nyumba mpya. Si wizi jamani. Ilikuwa hela ya kodi, na nimelipa kodi.

Mama Wawili: Toba!

Dalali Mstaafu: Mwenzetu kakosa chake hivihivi. Inauma.

Mpenda Kahawa: Mnapigwa chai hapa. Mama hatulii, mabinti wawili, mkubwa analea mdogo: ndiyo filamu yenyewe, kaongeza kirikuu. Na Cher mle hapiki chakula cha maana, vitafunwa tu, kwa hiyo chai imekamilika. Mdogo wako anapenda kuogelea kama Christina Ricci?

Binti wa Maboksi: Anaogopa hata diaba. Na mama yangu anapika, tena vizuri.

Mpenda Kahawa: Weka picha ya maboksi.

Binti wa Maboksi: Yanapakiwa. Mama hakungoja Jumapili, kirikuu kiko nje. Anataka namba ya dalali.

Dalali Mstaafu: Mpe yangu.