Mrejesho: Usingizi umerudi
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza nifanye nini, kwa kuwa nilikuwa nikikesha hadi saa tisa usiku, moyo ukinidunda kwa mawazo ya duka. Mzee mmoja wa Jinja alinishauri niache chai ya majani kuanzia saa nane mchana, kwa sababu nusu ya kafeini, kichangamsho kilichomo kwenye chai hiyo, huchukua takriban saa 5 kutoka mwilini, nami sikuwahi kuvihesabu vile vikombe vinne vya jioni. Sasa nachemsha mchaichai unaoota kando ya bomba, kisha natembea hadi ufukweni hapa Entebbe. Nalala saa tano usiku. Majani ya mululuza, kichaka cha dawa za kienyeji, machungu kupita kiasi, hayakunisaidia lolote. Wasiwasi uliosalia nimempelekea mshauri wa kituo cha afya.