Mjadala: Gavana wa Benki Kuu awajibike kwa nani?

Wadau, kila riba inapopanda huzuka kelele zilezile. Wapo wanaotaka Rais amtimue gavana, na wapo wanaosema wanasiasa wasiisogelee Benki Kuu kabisa. Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Lengo liwekwe na serikali iliyochaguliwa, hadharani na kwa namba. Njia ya kulifikia iachiwe benki. Na gavana asing'olewe eti kwa sababu riba yake imewaudhi wakubwa.

Uingereza walielekea huko 1997. Waziri wa Fedha ndiye anayetaja lengo la mfumuko wa bei, ambalo sasa ni asilimia 2. Kamati ya watu tisa hupiga kura kuhusu riba, na kura ya kila mjumbe hutangazwa kwa jina. Mfumuko ukivuka asilimia 3 au ukishuka chini ya 1, gavana analazimika kumwandikia waziri barua ya wazi kueleza kulikoni. Barua haimuumizi mtu, najua, ila inamnyima pa kujificha.

Uturuki je? Kati ya Julai 2019 na Machi 2021 Rais Erdoğan aliwaondoa magavana watatu, huku akishikilia kwamba riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko. Baadaye riba ikashushwa wakati bei zinapaa, na Oktoba 2022 mfumuko rasmi ukapita asilimia 85. Walioumia ni wenye mishahara na waliokuwa wameweka akiba kwa lira.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, riba si hesabu tupu. Paul Volcker, mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, alipobana fedha, riba ilifika karibu asilimia 20 mwaka 1981, na mwaka uliofuata ukosefu wa ajira ukapita asilimia 10. Mfumuko ulishuka, sawa. Lakini waliopoteza kazi hawakumchagua, na hawakuwa na namna ya kumwondoa. Kuamua nani aumie ni siasa, hata wakiamua watu wenye shahada tatu.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania kiti cha gavana, daftari la mikopo mmelisahau. Reichsbank, Benki Kuu ya Ujerumani ya enzi hizo, ilipewa uhuru wa kisheria 1922. Mwaka uliofuata fedha yao haikuwa na thamani ya karatasi iliyochapiwa, kwa sababu benki iliendelea kupokea hati za deni za serikali kana kwamba hakuna kilichobadilika. Sheria inaweza kumlinda gavana asifukuzwe, lakini haimzuii kuitikia kila anapoombwa. Kwa hiyo mimi naanza na maswali haya: serikali inaruhusiwa kukopa kiasi gani Benki Kuu, irudishe lini, na nani anayaona mahesabu?

Mchangiaji wa tatu:
Na bodi? Mtu wa Hazina akikaa humo na kura yake, uhuru gani huo?

Mleta mada:
Mtu wa Hazina aingie, aseme, asipige kura. Kamati ya Uingereza ndivyo inavyofanya.

La mikopo naliunga mkono kwa nguvu. Kikomo kiandikwe kwenye sheria kama sehemu ya mapato ya mwaka uliopita, na salio litangazwe kila mwezi. Bila hivyo, kila mwisho wa mwaka wa fedha kitapatikana kisingizio cha dharura.

Kuhusu Volcker, sikubali kwamba dawa ni kumpa Rais rungu. Rais Nixon alimshinikiza Arthur Burns, mkuu wa Benki Kuu ya Marekani wakati huo, alegeze fedha kabla ya uchaguzi wa 1972, na sehemu ya mfumuko ambao Volcker alikuja kuuvunja ilitokana na ulegevu wa miaka hiyo. Halafu wananchi hawakuwa bila mlango: Bunge lao ndilo lililoandika 1977 kwamba benki ifuatilie ajira kwa wingi pamoja na bei tulivu, na lingeweza kuibadili sheria hiyo wakati wowote.

Sasa mchangiaji wa kwanza, tuambie: kura ya riba ungempa nani, na umpime kwa namba ipi?