Barabara haiulizwi faida, ndege inalipiwa madeni, abiria wa treni ndiye wa kukamuliwa

Ndugu zangu, nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni mtu wa Mwatate, Taita-Taveta, kazi yangu iko Mombasa, na mama yangu ana kliniki Nairobi kila baada ya miezi miwili. Miguu yake haina nguvu tena. Akikaa ndani ya basi saa nyingi huvimba hadi viatu havimwingii. Kwenye treni, akipandia Voi, anainuka, anajinyoosha, anakwenda msalani bila kumbembeleza dereva asimame. Msije mkaniambia treni ni starehe. Kwa mama ndiyo njia ya kufika akiwa mzima.

Sasa tazameni nauli. SGR, hii treni ya reli mpya ya kisasa, ilipoanza 2017, Mombasa hadi Nairobi daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Mwaka uliofuata ikawa 1,000. Januari 2024 tukaambiwa mafuta yamepanda duniani, ikawa 1,500, na daraja la kwanza likaruka kutoka 3,000 hadi 4,500. Sisi wa vituo vya katikati nasi tukapandishiwa. Nusu nzima ya nauli imeongezwa kwa mpigo mmoja, na bungeni sikusikia kelele yoyote ya kumtetea abiria.

Haya, tuje barabarani. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulitoka shilingi 18 kwa lita hadi 25. Mwaka uliofuata serikali ikachukua shilingi 7 katika hizo 25, ikaziweka rehani ili ipate bilioni 175 za kuwalipa makandarasi. Ushuru huo naulipa mimi, analipa mama, analipa hata asiyemiliki baiskeli, maana umo ndani ya bei ya unga na nyanya zinazoletwa na lori. Kwa hiyo pesa za umma zipo! Ila zikitajwa kwa barabara zinaitwa maendeleo, na zikitajwa kwa abiria wa treni zinaitwa hasara.

Sisemi barabara zisijengwe. Mwatate hadi Taveta ilipotiwa lami nilishukuru Mungu, maana ile vumbi tumeila tangu utotoni. Lakini hakuna waziri aliyesimama kuuliza ile lami itarudisha pesa zake lini. Barabara ya Thika haikuulizwa. Ile ya Dongo Kundu kule Mombasa, na madaraja yake yale marefu, haikuulizwa. Na pale kwetu, reli ya Voi–Taveta, waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza ili wakapigane na Wajerumani, imekaa miaka na miaka ikimezwa na vichaka, haina treni ya abiria. Barabara na reli, mwendo ni mmoja, kijiji kwa kijiji. Moja ikapata mabilioni, nyingine ikaachiwa mbuzi.

Ya ndege ndiyo inaniumiza zaidi. Mwaka 2017 serikali iliweka dhamana kwa mikopo ya Kenya Airways ya dola milioni 750. Shirika lilipolemewa, Hazina ya Taifa ikaingia kulipa. Najua serikali ina hisa asilimia 48.9, najua kuna wafanyakazi wenye familia, wala siombi shirika life. Nauliza tu, katika watu wanaoshuka Kibwezi na Mtito Andei na mizigo kichwani, wangapi wamewahi kupanda ndege hata mara moja? Hao ndio wanaochangia deni lile, kisha wanaambiwa kiti chao cha treni kijilipie chenyewe.

Atakuja mtu hapa aseme SGR tayari imemeza bilioni 327 za umma, na kwamba reli ina ushuru wake tangu 2013, ule unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini. Kweli. Lakini ushuru ule umekuwa ukienda kulipa mkopo wa China na kujenga. Kujenga reli ni jambo moja, kumbeba abiria kila siku ni jingine. Barabara ikishajengwa ina mfuko wake wa matunzo mwaka hadi mwaka. Treni ikishajengwa inaambiwa ikajitafutie, na inakojitafutia ni mfukoni mwa mama yangu.

Na hiyo hasara, nani ameipigia hesabu kamili? Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Mazishi, vyuma vya miguu, watoto waliobaki na nyanya zao, hayo yote yameandikwa kwenye daftari gani? Mwaka jana mama alisafiri na basi kwa sababu tiketi za treni zilikuwa zimekwisha, ilikuwa karibu na Pasaka. Dereva alikuwa akipita malori matatu kwa mpigo usiku. Mama alifika akitetemeka, daktari akakuta presha imepanda, wakamrudisha bila matibabu aliyoyafuata.

Nataka jambo moja, nalo halihitaji tume wala mshauri kutoka nje. Mbunge mmoja wa Pwani asimame bajeti ikisomwa, adai shilingi moja katika zile 25 za ushuru wa barabara iende kwenye nauli ya daraja la kawaida na mabehewa zaidi ya treni inayosimama vituo vyote. Shilingi moja. Wa kwetu nimemwandikia mara mbili, hajanijibu. Wenye namba za wabunge wenu, waulizeni, kisha mlete majibu hapa hapa.