Tupeane uzoefu: unafanya kazi nje usiku, mvua na baridi unajikingaje?

Mvuvi wa Giza
Mwakeye wakuu. Mimi navua dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi, mwaka wa 11 sasa. Watu wakisikia Kigoma wanawaza joto na michikichi, na kweli mchana jua linachoma, ila njoo usiku wa giza mwezi wa kwanza, uko katikati ya ziwa toka jioni, mvua inashuka na upepo juu yake na hakuna pa kujibanza mpaka kukuche, hapo ndo utajua baridi ni nini.

Kuna usiku mvua ilitukuta kama saa sita. Nimevaa fulana ya pamba, shati na koti la jinsi, vyote vikalowa. Tukawa tunainua wavu, nikashika fundo la kamba, naliona kabisa chini ya taa, vidole haviwezi kulifungua, yani kama sio vyangu. Enzi za karabai ulikua unasogeza mikono kwenye taa inapata uhai, hizi za betri zina mwanga mzuri ila joto hamna. Sasa kuna dogo mmoja alikua anatetemeka mpaka meno yanagongana, alafu ghafla akatulia, akaanza kuongea maneno hayaeleweki kama kalewa. Sisi tukafurahi tukajua kashapoa. Mzee wa chombo ndo akashtuka, akamvua nguo zote za maji, akamfunga gunia kavu na turubai, mmoja wetu akaingia humo humo amkumbatie, tukakata kazi tukarudi. Zahanati wakatuambia joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari, na mtu akiacha kutetemeka huku bado wa baridi jua mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha.

Toka siku ile nina ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndani sweta zito la sufu la mtumba, suruali, soksi na kofia ya kuvuta masikioni. Hata nitetemeke vipi siifungui mpaka wavu wa mwisho uwe juu, maana ukivaa kavu katikati ya kazi umeshailowesha na huna nyingine. Nyie mnafanyaje?

Boda Ipuli
Kaka pole sana na dogo pole yake. Mimi niko Tabora, huku shida yetu sio mvua tu, ni mwezi wa sita na wa saba alfajiri, mbingu nyeupe haina wingu na baridi ni kali, alafu wewe uko kwenye pikipiki upepo unakupitia kifuani. Nakunja gazeti kurasa nyingi naliweka kati ya fulana na sweta, afu koti nalivaa kinyumenyume zipu iwe mgongoni. Magoti ndo nilikua nayadharau, sahv yananiuma kila asubuhi na nina miaka 34 tu, kwaiyo vijana vaeni suruali mbili. Na yale makoti ya mvua ya nailoni angalieni, ukilifunga mpaka shingoni unatoka jasho ndani, unafika umelowa kama ambae hakuvaa.

Mama Uji Katonga
Wanangu, mimi nauza uji mwaloni, nawapokea mkitoka ziwani. Naomba niseme la gongo. Mnashuka mnatetemeka mnaikimbilia mnasema inapasha. Haipashi. Ngozi inapata moto kwa sababu damu inakimbilia nje, na joto la ndani linaondoka nayo. Nimeona mtu kanywa, kalala mchangani na nguo zake mbichi, tumemwinua mdomo umebadilika rangi. Kunywa uji wa moto wenye sukari na tangawizi kwanza, ubadili nguo, ukalale. Hela kama huna utalipa kesho, wote mnanijua.

Mrina asali Sikonge
Wakuu sisi tunakaa porini wiki nzima msimu wa kurina, na asali tunairina usiku. Watu wanafikiri moto unatosha, ila baridi kubwa inatoka chini. Ardhi inakunyonya. Tunakata nyasi kavu na majani, tunalundika mpaka uzame ukilala, juu turubai, ndo blanketi. Ukiwa na blanketi mbili moja weka chini, niaminini.

Na jambo moja naliandika kwa uchungu, msiingize jiko la mkaa kwenye kibanda kilichofungwa. Binamu yangu alikua mlinzi, siku ya baridi akaingia nalo akafunga mlango. Ile hewa ya mkaa haina harufu, haikuamshi. Hakuamka.

Mtabora ughaibuni
Pole sana ndugu wa Sikonge, Mungu amrehemu. Mimi mtoto wa Cheyo niko Winnipeg, Kanada, nafanya ujenzi, kuna siku ni nyuzi 30 chini ya sifuri na kazi inaendelea. Kitu cha kwanza nilichofundishwa hapa ni kutovaa pamba kwenye ngozi, inanyonya jasho inakaa nalo. Ndani unavaa nyepesi ya sufu au ya polista, katikati ya kushika joto, nje ya kuzuia upepo. Kazi ikiwa nzito unavua moja kabla hujatoka jasho, ukisimama unarudisha. Nilivyosoma habari ya ndoo nimeguswa, maana kwenye gari la kazi huku nami nina begi hilo hilo, soksi jozi mbili na glavu kavu.

Boda Ipuli
Kaka mvuvi, mbona hujataja gambuti? Si miguu ndo inaanza kulowa?

Mvuvi wa Giza
Mama Uji nakujua, asante kwa mengi. Boda, gambuti ziwani hapana. Ukidondoka zinajaa maji, kuogelea unashindwa. Koti refu lile la mpaka magotini pia hapana, linakufunga miguu. Mi navaa kandambili zenye mkanda nyuma, koti fupi, na laifu jaketi juu yake, na lile laifu jaketi ukilifunga vizuri kifua kinabaki na joto, hilo wenzangu wengi hawajui wanalikalia tu kama mto.