Miwani ya baiskeli inayobadilika rangi kwa bajeti ndogo: mtu wa Malindi achague ipi?

Pedali_Maweni

Assalaam alaykum wadau. Natafuta miwani ya baiskeli yenye lenzi za fotokromiki, zile zinazokuwa nyeupe kwenye giza na kujitia weusi juani. Ratiba ni mbili. Asubuhi: Malindi hadi Watamu kupitia Gede, kutoka saa 11:30 alfajiri na kurudi saa 3 au 4 jua likishapamba. Jioni: kuvuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, kurudi magharibi ikiingia. Bajeti ni shilingi 3,500, nikijikaza 5,000.

Mitandaoni kila miwani imeandikwa fotokromiki, nyingine zimeongezewa "polaraizi" na "UV400". Nitajuaje lenzi inabadilika kweli? Nisome namba gani? Polaraizi inafaa kwa baiskeli? Na macho yangu ni -1.25 yote mawili, yaani sioni mbali vizuri, ingawa kwenye baiskeli huwa sivai miwani ya daktari.

---

MpimaMacho_Pwani

Wa alaykum salaam ndugu. Neno "fotokromiki" peke yake halikwambii kitu. Tafuta kategoria. Kiwango cha kimataifa cha miwani ya jua, ISO 12312-1, kinazipanga lenzi kuanzia 0 hadi 4 kwa kadiri ya mwanga unaopita. Kategoria 0 hupitisha asilimia 80 na zaidi, 1 hupitisha 43 hadi 80, 2 ni 18 hadi 43, na 3 ni 8 hadi 18. Kategoria 4 hupitisha 3 hadi 8 tu na haifai kuendeshea chombo chochote barabarani, hata saa 6 mchana. Lenzi inayobadilika lazima itajwe kwa namba mbili, mfano 1-3 au 0-3. Wengine huandika asilimia badala yake, mfano 78-15. Tangazo lisilo na kategoria wala asilimia, lipite.

Watu wengi hukimbilia ile namba ya weusi. Kwa ratiba yako, namba ya weupe ndiyo inayobeba usalama wako. Lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 haitakiwi barabarani wakati wa giza wala machweo. Ukinunua ya 1-3 inayoanzia asilimia 50, saa 11:30 alfajiri umevaa miwani ya jua gizani, na shimo la lami au mbuzi aliyelala barabarani utamwona ukishamfikia. Kwa hiyo wewe ni 0-3, au 0-2 kama 0-3 inazidi mfuko.

Sasa suala la joto, ambalo wauzaji hawalisemi. Ndani ya lenzi ya plastiki kuna molekuli ambazo zikipigwa na UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, hufunguka na kunywa mwanga. Kinachozifunga tena, zaidi ya yote, ni joto. Kukiwa na joto, molekuli zinafunguka huku nyingine zinajifunga, na weusi haufiki mwisho. Zile asilimia za kwenye boksi hupimwa kwenye nyuzi 23. Malindi saa 4 asubuhi wakati wa kaskazi ni nyuzi 30 au zaidi, kwa hiyo lenzi iliyoandikwa 15 haitafika 15. Ndiyo maana nasema mwisho wake uwe 3 ukiweza: 3 ya kwenye boksi inaweza kukupa 2 barabarani, na 2 ya kwenye boksi inaweza kukuacha unakunja uso.

Faida ya joto hilohilo ni kwamba lenzi hurudi nyeupe upesi kuliko ingekuwa kwenye baridi. Hapa kwetu, jua likishazama, giza linaingia kwa kama dakika 20 hivi, basi hiyo ni neema kwa safari yako ya Mambrui.

---

Mnyororo_na_Grisi

Naongeza jambo moja kabla hatujafika dukani, kwa sababu litakuuma kwenye njia hiyohiyo uliyotaja. Ukitoka Malindi saa 11:30, ukifika Gede na kukata kushoto kuelekea Watamu, jua ndiyo kwanza linachomoza na liko mbele yako. Jua la chini namna hiyo linaumiza macho lakini lina UV kidogo, kwa sababu miale yake imepita hewa nyingi. Lenzi inaamshwa na UV, haiamshwi na mng'ao. Basi utakuta miwani bado nyeupe na wewe huoni mbele, udhani umeuziwa feki. Si feki. Dawa yake ni kofia nyembamba ya baiskeli yenye ukingo, ivaliwe chini ya helmeti, ushushe ukingo mpaka ulikate jua.

Kwa sababu hiyohiyo usiipime ndani ya gari. Kioo cha mbele cha gari huzuia karibu UV yote, lenzi haitabadilika hata ukikaa saa nzima.

Kupima dukani: omba kutoka nje kwenye jua la saa 4 hadi saa 9. Funika nusu ya lenzi moja kwa kadi nene ya karatasi, au hata kwa kiganja, iache juani dakika 1 nzima, kisha iondoe na uiweke lenzi juu ya karatasi nyeupe. Kama ni fotokromiki ya kweli utaona mstari: upande wa wazi mweusi, upande uliofunikwa mweupe. Kisha ingia kivulini na uhesabu kwa saa ya simu. Kuingia weusi huchukua kama nusu dakika, kurudi weupe ni dakika kadhaa. Ikiwa baada ya dakika 10 kivulini ile alama bado inaonekana wazi, iache, itakusumbua magharibi.

Ikiwa kuna mawingu au duka liko ndani sana, uliza kama wana taa ya kukagulia noti bandia. Imulike kwenye lenzi kwa sekunde 20 hadi 30 na utaona doa jeusi mahali ilipomulika. Doa lisipotokea kabisa, hiyo ni lenzi ya kawaida iliyopakwa rangi. Usiitazame taa yenyewe.

Jihadhari pia na zile za rangi ya kioo, zinazong'aa kama mafuta juu ya maji. Pako hilo hurudisha mwanga nje, na UV pia, kwa hiyo lenzi haianzii nyeupe na weusi wake unapungua. Ni nzuri machoni pa watu tu.

---

SabakiRoda

Kuhusu polaraizi: kwa baiskeli ya barabarani, usilipie. Inakata mng'ao unaolala juu ya maji, na kwa mvuvi huko Ngomeni ni kitu cha maana sana. Wewe unahitaji kuuona ule mng'ao. Lami iliyolowa, mafuta yaliyomwagika na kidimbwi kilichofunika shimo hujitangaza kwa kung'aa, na polaraizi inakuficha. Tena skrini nyingi za simu na za kompyuta ndogo za baiskeli huingia giza ukizitazama kwa pembe fulani. Kuijua ni rahisi: tazama skrini ya simu kupitia lenzi, kisha uizungushe miwani robo mzunguko. Skrini ikizimika, ni polaraizi.

UV400 ni lazima, lakini isikutishe bei. Maana yake lenzi inazuia miale hadi nanomita 400. Polikaboneti, ile plastiki ngumu ya lenzi za michezo, hata ikiwa nyeupe pe, inazuia karibu UV yote, kwa hiyo weupe wa lenzi si dalili ya kukosa kinga. Cha kuogopa ni plastiki nyeusi isiyo na kinga: weusi unaifanya mboni ifunguke zaidi na UV inaweza kuingia kwa wingi kuliko kama hukuvaa kitu. Na usikubali lenzi za glasi kwa baiskeli. Ukianguka, au kijiwe kikirushwa na lori, zinapasuka usoni.

Umbo nalo lina kazi. Upepo wa kusi unapiga kutoka kusini na una mchanga, na kwenda Watamu unauchukua usoni njia nzima. Upepo, vumbi na jua ndivyo vinavyohusishwa na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambacho watu wa pwani wanakijua vizuri. Chagua lenzi iliyopinda kufuata uso. Ivae, inama kana kwamba umeshika usukani wa chini, kisha tazama mbele: ukingo wa juu wa fremu usikate macho yako na barabara. Nyusi zisiguse lenzi, kwa sababu jasho litapaka na mvuke utaganda. Lenzi ziwe na matundu madogo juu. Mpira wa puani uwe wa kukunjika, na ncha za mikono ziwe za mpira zisiteleze kwa jasho. Mikono ya miwani ipite juu ya kamba za helmeti, isipite chini yake.

---

Kaskazi77

Mimi nina rai tofauti kidogo. Kwa shilingi 3,500, fotokromiki nzuri ni kubahatisha. Kwa pesa hiyo chukua fremu moja yenye lenzi za kubadilisha kwa mkono: moja nyeupe na moja kategoria 3, zote polikaboneti. Weupe wake ni weupe kweli, weusi wake haupunguzwi na joto, na lenzi ikikwaruzika unabadilisha moja tu. Isitoshe, fotokromiki huchoka. Kwa matumizi ya kila siku, baada ya miaka 2 au 3 huanza kukataa kuwa nyeusi vizuri, au hubaki na umanjano hata gizani.

Ubaya wa lenzi mbili ni kwamba lazima usimame na kuzibadilisha. Kwa safari ya asubuhi si tatizo, utabadilisha Watamu unapokunywa maji. Kwa jioni ya Mambrui nakubali fotokromiki inashinda, maana hakuna anayetaka kusimama kando ya barabara giza likiingia.

Na lenzi ya manjano wanayoiita ya usiku, achana nayo. Inapunguza mwanga, haiongezi.

---

Pedali_Maweni

Shukran sana. Nimeelewa: 0-3, bila polaraizi, bila pako la kioo, nipime juani na kadi. Nikifika 5,000 nichukue fotokromiki, nikibaki 3,500 nichukue ya lenzi mbili. Bado macho ya -1.25. Na ninaitunzaje na chumvi hii ya hapa?

---

MpimaMacho_Pwani

-1.25 usiipuuze, hasa gizani. Mboni ikifunguka, ukungu wa macho unaongezeka, na ndio wakati wako wa safari. Njia nafuu ni miwani ya michezo yenye fremu ndogo ya ndani inayobanwa nyuma ya lenzi. Unainunua pamoja na miwani, kisha duka la miwani linakukatia lenzi nyeupe za -1.25 za kuingia humo. Kampuni ya vifaa vya baiskeli ya Rockbros, kwa mfano, huuza miwani ya fotokromiki yenye fremu hiyo ya ndani. Kabla ya kulipa, hakikisha kope hazigusi fremu ya ndani, na umpe fundi umbali wa kati ya mboni zako kwa milimita, usikubali akisie. Hasara yake ni ukungu: sasa kuna nyuso nne za lenzi, na mvuke hukaa katikati ukisimama. Masika ndiyo mbaya zaidi.

Njia ya pili ni kutengenezewa lenzi za fotokromiki zenye namba yako kwenye fremu ya kawaida ya polikaboneti. Kwa -1.25 inawezekana bila shida, ila itapita bajeti yako, na usichague fremu iliyopinda sana, kwa sababu pembeni utaona vitu vimevutwa.

---

Mnyororo_na_Grisi

Utunzaji: usifute kavu kamwe. Chumvi na mchanga vikikauka ni msasa. Mimina maji baridi yasiyo ya chumvi kwanza, weka tone moja la sabuni ya vyombo, sugua kwa vidole, suuza, kisha kausha kwa kile kitambaa laini kilichokuja nayo. Usitumie fulana, spiriti wala petroli.

Cha hatari zaidi hapa kwetu ni dawa ya mbu ya kupaka. Yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, hula polikaboneti na fremu nyingi za plastiki: alama ya kidole kimoja inaacha doa la ukungu lisilotoka. Magharibi ukirudi Mambrui, paka dawa kwanza, nawa viganja kwa sabuni, ndipo ushike miwani. Na usiiache dirishani wala juu ya dashibodi. Jua la kutwa nzima linazichosha zile molekuli bure na joto linapindisha fremu. Ikae ndani ya mfuko wake, mahali pa giza.