Fishai mnaipigia nini hasa?

mkaazi_mkunazini
Asalaam alaykum wadau. Nimeinunua kwa mtu lenzi ya jicho la samaki (fishai, ile inayoona pana mno na kupinda picha), Samyang 8mm, naifunga kwenye Canon yenye sensa ndogo (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha). Nimezunguka nayo Mji Mkongwe toka Darajani mpaka Shangani, picha zinatoka lakini zote ni ileile, kichochoro kimepinda, nyumba zimelaliana, basi. Mara ya kwanza unaona raha ya pili ushachoka. Sasa wenye uzoefu mnaifanyia nini ikatoka picha ya maana, au ndo pambo la kabati? Na fokasi yake (kulenga ukali wa picha) ya mkono inanitoa roho.

lenzi_ngambo
Waalaykum salaam yakhe. Fokasi ndo jambo dogo kuliko yote, weka apecha (tundu la kupitishia mwanga) f8, pete ya fokasi iwe kama nusu mita, halafu usiiguse tena, toka sentimita 20 na kitu mpaka upeo wa macho kila kitu kitatoka kikali. Ila jaribu kwanza nyumbani uikuze picha, namba za kwenye pete hazisemi kweli kila mara.

Nahisi unasimama mbali. Kwa fishai kitu kikiwa hatua tatu tu kishakuwa kidogo mno, sogea mpaka uone haya. Mfano hii milango yetu ya misumari ya shaba, usipige mlango mzima, huo kila mtalii anao. Chagua msumari mmoja usogee mpaka shubiri moja hivi, ule msumari unatokeza mkubwa mbele na mlango wenyewe unajikunja nyuma yake, na ukuta unaingia pembeni pande zote mbili.

Pia elekeza juu. Miaka ya 1920 Muingereza mmoja, Robin Hill, alibuni lenzi ya namna hii ili apige mbingu nzima kwa mara moja achunguze mawingu, kwa hiyo kuangalia juu ndo kazi yake ya asili. Lala chali kichochoroni (alfajiri bwana, vespa zisije zikakupitia), mapaa yanakuinamia pande zote na mbingu inabaki ufa tu katikati.

binti_wete
Mie napiga harusi huku Pemba, nakwambia mapema usiitoe ukumbini. Wa katikati salama, wa pembeni ndo mtihani, shangazi wa watu kajipamba siku nzima halafu kichwa kimevutika kama boflo. Utasema n'tanyoosha kwenye kompyuta, unanyoosha ndio lakini pembeni panavutwa mpaka ukali unapotea, sasa si bora ungenunua lenzi pana ya kawaida?

Pwani ndo naipenda. Mstari wa bahari ukiupitisha katikati kabisa unabaki umenyooka, ukiinamisha kamera unafura juu, ukiinua unabonyea, chezea hapo. Lakini kioo cha mbele kimetokeza nje, filta ya kuzungusha haifungiki, na jua karibu kila mara limo ndani ya picha kwa hiyo tone moja la maji ya chumvi likikauka linaonekana. Kifuniko usikitoe mpaka uko tayari.

mpwani77
Nenda Nungwi kwa mafundi wa majahazi. Chombo kikiwa bado hakijapigwa sitaha omba uingie ndani, kaa chini kabisa tezi (nyuma ya chombo), kamera iangalie omo (mbele). Mataruma, zile mbavu za chombo, yamepinda tokea mwanzo, lenzi inazidisha tu, mtu anaiangalia picha wala hafikirii lenzi. Fundi anayetoboa na keke muweke katikati, akienda pembeni mkono unakuwa mrefu kuliko mwili. Na angalia kivuli chako na miguu yako, pindo la kanzu pia linaingia.

Jengine, kwa lenzi hii huwezi kumuiba mtu picha, uko nusu mita na uso wake. Salimia, kaa, zungumza. Akikataa ondoka.

mkaazi_mkunazini
Ahsanteni sana, hilo la mataruma halikunijia kabisa. Jumamosi n'taenda inshallah. Mafundi wanataka chochote au salamu yatosha?

mpwani77
Muone mkuu wa kazi kwanza, kamera iwe bado mfukoni. Akikubali wengine hawana neno. Na zile nzuri wachapishie uwapelekee, kuna wapiga picha wengi waliahidi hawakurudi, ndo maana siku hizi baadhi yao wakiona kamera wanageuza uso.

binti_wete
Na kitambaa cha kufutia lenzi chukua viwili, vumbi la mbao lile si mchezo.