Nimefanya saa 320 kitengo cha watoto, msimamizi kasaini 212. Nimechoka, wacha niseme

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira. Ni mwanafunzi wa tiba kwa vitendo (occupational therapy) na nimetoka kumaliza wiki 8 za mafunzo kitengo cha watoto. Siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi hiyo: saa 320. Jana narudishiwa fomu, naona 212. Nikadhani kalamu imeteleza, nikamfuata. Akanijibu, "Siwezi kusaini saa ambazo sikukuona."

Hukuniona kwa sababu HUKUWEPO!

Kwa wasiojua, shirikisho la dunia la fani yetu limeweka kiwango cha chini cha saa 1,000 za mafunzo ya vitendo kabla mtu hajahitimu. Kwa hiyo 108 alizokata ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kila ninachodaiwa. Nikishindwa kuzirudisha, narudia mzunguko mzima huku wenzangu wanasonga mbele.

Niwarudishe nyuma kidogo. Siku ya kwanza nilitegemea kinachofanyika popote: unaangalia kwanza, halafu unafanya pamoja na msimamizi, halafu unafanya mwenyewe yeye akiwa pembeni. Mimi nilipewa beseni na sabuni nioshe midoli. Sawa, midoli lazima ioshwe, watoto wanaitia mdomoni, sikunung'unika. Siku ya tatu nikakabidhiwa chumba na watoto watatu. "Wacheze tu, nakuja." Alirudi jioni kuchukua mkoba wake.

"Wacheze tu" ndiyo inayoniuma hasa. Kila siku wazazi wanatuuliza mbona mnacheza tu na mtoto wangu hajatibiwa, nasi tunajieleza mpaka koo linakauka: kubana kibanio cha nguo ni kuimarisha vidole vitakavyoshika penseli, kuvuka kamba ni mizani, kutafuta gololi kwenye mchanga ni mikono inajifunza kuhisi bila macho. Halafu mtaalamu mwenyewe anatamka neno lile lile la mzazi asiyejua!

Kulikuwa na mtoto mwenye usonji ambaye makelele yakizidi anaziba masikio na kulia. Maagizo niliyopewa: mweke kwenye bembea nusu saa, atulie. Nikauliza bembea ya namna gani, mbele na nyuma polepole au ya kuzunguka? Maana ya kwanza mara nyingi hutuliza na ya pili huamsha, na kuna mtoto akizungushwa anatapika. Nikauliza pia lengo lake la wiki ni lipi. Akacheka. Kumbe bembea pale ni ya kumweka anayesumbua, basi. Jean Ayres, mtaalamu wa fani yetu, alitumia miaka kujenga nadharia nzima ya jinsi ubongo unavyopanga hisia, sisi tumeigeuza kona ya adhabu.

Sasa kisa chenyewe kilichoniharibia. Wiki ya 5, mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo, mwili umekakamaa, akisisimka kidogo tu kichwa kinaruka nyuma. Namkuta msaidizi anamlisha akiwa amelala chali mapajani, shingo imepinda nyuma, kijiko kinamiminwa kwa juu. Mtoto anakohoa, macho yanatoka machozi, kijiko kinaendelea. Mama yake kasimama pale anaangalia, kesho atafanya hivyo hivyo nyumbani kwa sababu ameona kwa wataalamu.

Shingo ikiwa hivyo njia ya hewa iko wazi, chakula kinaweza kwenda mapafuni, na watoto wa namna hii wanaugua nimonia kwa njia hiyo. Tumefundishwa mwaka wa kwanza kabisa! Nikaomba kwa upole, nikamketisha mtoto kwenye kiti chake, nyonga zimerudi nyuma kabisa, miguu imekanyaga, kidevu kimeshuka kidogo. Mimi nikakaa chini ili anitazame bila kuinua kichwa. Kijiko kidogo, kinakuja usawa wa mdomo, nasubiri ameze ndipo nilete kingine. Tulitumia muda mrefu, ndiyo. Lakini alikohoa mara moja tu, na mama yake akaniomba nimwelekeze naye ajaribu.

Msimamizi akapata habari kabla sijanawa mikono. Nikaitwa mbele ya yule mama na kuambiwa wanafunzi wa siku hizi wanajua sana. Kuanzia hapo ndipo saa zangu zilipoanza "kutoonekana."

Kosa langu jingine, nalikiri: nilikuta mafaili ya watoto wa miaka miwili na mitatu yamejazwa daraja la MACS. Kipimo hicho cha matumizi ya mikono ni cha miaka 4 hadi 18, wadogo wana Mini-MACS yao. Nikamuuliza kwa adabu kama tubadilishe. "Usiniletee mambo ya darasani." Sasa mzee, nimeletwa hapa kufanya nini kama si kuyatoa darasani?

Fomu ya tathmini imeandikwa "anaingilia kazi za wenzake" na, mistari miwili chini, "hana uthubutu." Hebu nisaidieni, mtu mmoja anawezaje kuwa na vyote viwili?

Na msije kuniambia msimamizi ana wagonjwa wengi. Najua anao, niliwahudumia mimi. Kama hana nafasi ya kusimamia akatae wanafunzi, chuo kitafute pengine. Kinachonikosesha usingizi si saa zangu peke yake. Kwa siku nyingi watoto wale walikuwa mikononi mwa mtu ambaye hajahitimu na hana wa kumuuliza. Ningekosea shingo ya mtoto, nani angeniona?

Nina daftari langu, kila siku nimeandika muda wa kuingia na kutoka, nilichofanya na kila mtoto, bila majina yao. Kuna pia kitabu cha mahudhurio cha mapokezi, nacho hakijui chuki. Kesho asubuhi nina kikao na mratibu wa chuo.

Aliyewahi kurudishiwa saa alizonyimwa aje aniambie alianzia wapi, kwa barua au kwa mdomo? Wa "vumilia tu, utamaliza" apite kimya.